Viazi Vitatu

"Ugonjwa wa ngano!" Mama mkwe alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Bi harusi wewe, kesho utatuambia unaugua maji."

Bi harusi, miaka miwili ndani ya ndoa na jina bado halijambanduka, aliendelea kuponda viazi vitamu. Vilikuwa vitatu tu, na unga wa muhogo umebaki chini kabisa ya kopo. Alikuwa anapika nyoki, vile vitonge vya Kitaliano alivyoviona kwenye simu, ila vyake bila ngano. Kesho saa mbili asubuhi ana mtihani wa udereva. Mara ya tatu, na walishamwambia ni ya mwisho. Ngano ikimwingia tumboni, hata kidogo, siku mbili anahamia chooni. Mtu wa hivyo hata baiskeli huwezi kumkabidhi.

Simu ikalia. Mwalimu wa udereva. Ndani mtandao unakatakata, akatoka mbio uani.

"Nenda, nitakukandia!" mama mkwe akapaza sauti. "Kwani mimi sina mikono?"

Bi harusi akataka kurudi, lakini mwalimu naye hamalizi: usisahau vioo, usisahau mkanda, usisahau breki ya mkono. Robo saa nzima. Yeye "ndiyo, ndiyo", macho yakiwa dirishani.

Aliporudi, vitonge vimeshaiva. Sahani mbili zinazofanana, juu ya sinia, mezani. Na kando ya jiko, pakiti ya ngano. Iko wazi.

Mama mkwe alikuwa anakung'uta vidole vyeupe.

"Hii yako, hii yangu," akasema, wala hakupepesa jicho. "Ngoja ninawe."

Ananipima huyu, bi harusi akawaza. Ya ngano kanipa mimi, ya muhogo kajiwekea yeye. Anataka nile, nisiugue, halafu anisute mbele ya mwanawe. Kukataa ni kuanzisha ugomvi mpaka asubuhi, na asubuhi anaihitaji. Bomba lilipofunguliwa kule nyuma, akalizungusha sinia nusu duara, polepole, kama mtu anayekata kona mbele ya trafiki.

Wakala.

Loo! Vilikuwa vimeshikana vizuri, laini, vitamu kuliko vyote alivyowahi kujaribu. Akafyagia sahani mpaka ikang'aa. Leseni hiyo, aliiona kabisa mkononi.

Mama mkwe alitafuna, akasita, akatafuna tena.

"Mbona vyangu vinanata hivi?" Akainua kitonge, akakitazama juu ya miwani. "Ajabu. Vyako ndivyo nilivyovikanda kwa ule unga wako wote, nikavichemsha kwanza, sufuria ikiwa bado safi, nisije nikakuharibia mtihani wako. Ngano niliitia kwenye hivi vyangu tu."