Wimbo wa Mjusi Kafiri

Koplo Projestus aliweka pingu mapajani, akazifunika kwa kofia, akangoja bibi harusi atokee.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Temeke, mwaka 1953. Ukumbi wa makuti ulijaa mpaka mlangoni. Chama cha mzee Mwinshehe kilicheza kichekesho cha harusi, maneno machache na nyimbo nyingi, lakini wimbo uliowavuta watu ulikuwa mmoja tu. Ulimhusu koplo.

Majuma mawili sasa watoto wa mtaani walimwimbia kisogoni. Jana Inspekta naye aliuimba akicheka, kisha akaacha kucheka. Ama mtunzi aletwe kituoni kabla jua la Jumapili halijatua, ama Projestus avue vitepe vyake viwili. Alivihangaikia miaka kumi na mmoja. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mtunzi hakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Mwanamke hapandi jukwaani. Hilo hata mtu wa kuja kutoka Bukoba kama yeye alilijua. Bibi harusi wa chama kile alikuwa Hija, fundi cherehani mwenye sauti nyembamba, na sokoni kila mtu alisema bibi harusi hutunga mwenyewe anachokiimba. Kilichomtafuna Projestus ni kingine: Hija alijuaje mambo ya chumbani mwake? Lakini nyumba za udongo zina nyufa, na mwenye kutaka kuchungulia hakosi upenyo.

Afadhali mkewe Auleria alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na mtoto wao Gaspar. Aibu hii asingeiona.

Fidla ikalia. Mpiga dumbaki mwembamba, aliyesahau kuvua kastabini ya kushonea, akaipiga ngoma ikatoa mlio wa bati. Bibi harusi akatoka, mtandio mwekundu umemfunika mpaka kiunoni, viganja vina hina. Mtu wa jirani kwenye benchi akanong'ona kwamba siku hizi Hija kazidi, sauti imekuwa tamu. Kweli. Hata Projestus aliona kama ameizoea.

"Mtaani ni simba dume, kila mtu atetema;
Kwake akiona mjusi, kitandani husimama."

Ukumbi ukaangua kicheko. Projestus alipanda jukwaani kwa hatua mbili, pingu mkononi. Fidla ikanyamaza. Wanaume wa mbele wakasimama, na mmoja akainua kigoda.

Mwinshehe akamwahi, akamshika mkono.

"Afande, twende nyuma ya pazia. Mie nakuomba, usimfunue hapa mbele za watu."

"Unamwonea huruma?"

"Nakuonea huruma wewe."

Projestus aliliona hilo kuwa tisho, akamsukuma mzee kando. Alitaka Temeke nzima imwone fundi cherehani akilia. Akamtia bibi harusi pingu, na bibi harusi hakubisha. Alitoa mikono mwenyewe. Kisha koplo akaushika mtandio, akauvuta.

Hakuna aliyecheka. Hata kigoda kilishushwa chini polepole.

"Shuka, Baba Gaspar," bibi harusi alisema kwa upole. "Mjusi keshaondoka."