Foleni Isiyotaka Sijambo

Wenye watoto wanaougua ngiri, sikieni. Siku hizi anayesubiri kupasuliwa huvalishwa bangili inayosikiliza, na akitamka kwamba ni mzima, hata kwa kuitikia salamu, hurudishwa mkiani mwa foleni.

Mwanakombo alimkataza binti yake Zamda kuitikia salamu miezi kumi na minne. Majirani walisema mtoto hana adabu, mama akameza. Sasa Zamda alikuwa namba tatu, na ule uvimbe wa kinenani ulikuwa umekaza kama kokwa, haubonyei tena.

Ndipo akaingia bibi yake mtoto kutoka Pangani.

"Mjukuu wangu, hujambo?"

"Usimjibu," Mwanakombo alisema.

"Asiniitikie mimi? We Mwanakombo, umemlea au umemfuga?"

Zamda alimtazama mama, akamtazama bibi.

"Sijambo, bibi," akanong'ona.

Bangili ikalia. Tatu ikawa elfu nne na kumi.

"Mwanangu anaumwa," Mwanakombo aliiambia bangili, midomo ikiigusa. "Anaumwa huyu." Lakini bangili husikia sauti ya mgonjwa peke yake.

"Sema unaumwa, mwanangu. Sema," akamgeukia Zamda.

Zamda alikuwa amejikunja sakafuni, meno yameshikana, jasho linamtiririka. Sauti haikutoka.