Kabla ya Neno Mvua

Redio ilipoanza kutangaza hali ya hewa ya wiki, mama alisimama uani katikati ya mahindi aliyoyaanika juu ya turubai. Mtangazaji alikuwa binti yake.

"Wiki jana alituahidi jua, mahindi yetu yakaogeshwa," jirani alichokoza kutoka ng'ambo ya ua. "Na leo unamsikiliza tena, shoga?"

Mama alitega sikio. Wiki jana binti alisoma mbiombio, kama mtoto anayekariri asichokielewa.

"Kuanzia leo mchana hadi Alhamisi," sauti ilisema, kisha ikameza mate, "mvua kubwa."

Mama alikisikia kile kimya kidogo. Tangu utotoni, binti yake alimeza mate hivyo kila alipokuwa na hakika ya jambo lakini akaogopa kuchekwa.

Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mama akainama, akaanza kukunja turubai.

"Na jua lote hili! Mwanao amekuroga?"

"Hajaniroga, nimemzaa. Njoo ushike pembe hii, tukimaliza twende kwako."

Jirani alicheka mpaka akajishika mbavu. Lakini alikuja.