Likizo ya Gwanda

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili 2071, saa nne asubuhi, Aidan Ndunguru alipigwa risasi ya shingo akiwa na miaka ishirini na moja. Gwanda lake la chuma halikuanguka. Sheria ilisema askari akifa, gwanda litammalizia mkataba wake lenyewe.

Mwezi wa nane gwanda likaja likizo. Afande aliyelisindikiza alimwambia Mzee Ndunguru, baba wa marehemu, "Mwili tuliutoa, mzee wangu. Tumeuzika hukohuko mpakani kwa heshima zote. Humu hamna kitu."

Mzee akafyonya. "Heshima! Na watoto wenu nyie wakubwa, wamezikwa mpaka gani?"

"Mkaribishe basi mgeni," jirani yake Kapinga alitania kutoka uani kwake. "Umsongee na ugali."

Hakuna aliyecheka. Gwanda lilipita mlango wa nyumba bila kuingia, likashika njia ya kwenye mibuni mpaka kwenye kaburi la mama yake Aidan. Likapiga magoti, likaanza kung'oa magugu kwa mkono wa kushoto, moja moja, vilevile alivyofanya Aidan kila aliporudi nyumbani, kabla hata hajamwamkia baba yake.

Mzee akalisogelea, akaweka kiganja juu ya kifua kile cha chuma. Chuma kilikuwa na joto. La jua au la mtu, hakuweza kujua.

"Afande," aliita bila kugeuka, "huko mpakani mlimzika nani?"