Kano la Wifi

Mwantumu, dada wa mumewe, ndiye aliyemsukuma Sikudhani ngazini siku waliyogombania kamba ya kuanikia nguo. Kano la upande wa ndani wa goti likakatika, na tangu hapo pia ya goti lake, kile kifupa cha mbele, ikawa inachomoka kwenda nje kila alipokunja mguu.

"Naweza kuchukua kano kwenye paja lako mwenyewe, na utapona vizuri," daktari alimwambia. "Ila sheria inakuruhusu kuchukua la aliyekuumiza, na..."

"La Mwantumu," Sikudhani akamkatiza.

Kwa miezi minne baada ya upasuaji, Sikudhani akawa anamtazama Mwantumu akichechemea uani na ndoo, na roho yake ikiburudika kama aliyekunywa maji ya mtungini. Pia ya goti lake ilikuwa imetulia mahali pake.

Kumbe sheria hakuisoma mpaka chini. Kuanzia mwezi wa tano, mtoa kano ana haki ya kulikagua kila asubuhi, maisha yake yote.

"Hodi, wifi." Asubuhi ya kwanza ya mwezi huo Mwantumu alikuja na kigoda chake. Akaketi, akabandika dole gumba ubavuni mwa pia ya goti, akaisukuma nje taratibu. "Linashika. Unanitunzia vizuri."

"Basi, inatosha."

"Wapi! Hapo nimegusa tu." Mwantumu akasogeza kigoda, akatabasamu. "Nyoosha mguu, mwaya."

Sikudhani akatazama mlangoni. Mumewe alishaondoka kwenda kazini. Akanyoosha mguu, kwa kuwa sheria ilimtaka anyooshe.