Sauti ya Shomari

Siku hizi sheria inataka podikasti zote zisomwe kwa sauti za marehemu. Basi kila akila, mjane Mwanaidi humsikiliza mumewe akifundisha habari za nyuki, volkano, hata upasuaji wa moyo. Shomari huyo huyo, fundi baiskeli mwenye kigugumizi, ambaye jina la mkewe tu lilimtoa jasho: "Mwa... Mwa... Mwanaidi."

"Mama, zima basi, ugali unapoa," binti yake Riziki alimsihi.

"Ngoja, mwanangu. Labda leo atakwama."

Leo mada ilikuwa kigugumizi. Mwanaidi akaweka tonge chini, akaibana simu sikioni.

"Kigugumizi," alisema Shomari bila kukwama popote, "ni kasoro ndogo. Siku hizi tunaiondoa yote."