Dawa Mkononi mwa Wifi

"Hicho usikiguse mpaka ule ushibe," wifi alisema akiwa mlangoni, mikono kiunoni. "Ukikimeza na njaa, shauri yako."

Fundi cherehani alikuwa hata hajashusha miguu kitandani. Alimpima wifi yake kuanzia kilemba hadi kandambili, akakitwaa kidonge chenye rangi mbili, akakitupia mdomoni na kukisukuma kwa maji ya jana.

"Haya, nimeshiba," akasema.

Wifi akasonya, akaenda zake jikoni.

Ndivyo walivyoamkiana katika nyumba ile, fundi, dada wa marehemu, na wifi, mjane wake. Marehemu alikuwa mpenda amani, na kwa kupenda kwake amani aliwaachia nyumba wote wawili: atakayetangulia kaburini, mwenzake abaki nayo. Tangu hapo mmoja akipiga chafya, mwingine hutega sikio. Wifi akisema anua nguo, mvua hiyo, fundi huongeza nyingine kambani.

Kisha viungo vya fundi vikavimba. Vidole vikawa kama mihogo, mkasi haushikiki, mwili unawaka. Siku aliyopelekwa hospitali hakusikia la mtu, na maelekezo yote ya dawa aliyapokea wifi. Waliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichofanya mwanamke yule ni kuchana pakiti na kuzitupa jalalani. Vidonge akavimimina kwenye makopo ya vifungo, vya rangi mbili huku, vidogo vyeupe kule.

"Mbona umetupa karatasi zangu?" fundi aliuliza.

"Za nini? Ulitaka kuzishonea gauni?"

Fundi si mtoto. Mtu anayekutupia maelekezo ya dawa ana lake jambo, na jambo lenyewe lina kuta nne na paa la bati.

Asubuhi hii chai ilichelewa, kama kawaida. Wifi alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, akaosha sufuria iliyokuwa safi, huku tumbo la fundi linanguruma hadi chumba cha pili. Kumkomoa tu. Chai ilipofika hatimaye, pamoja na mkate na mayai, wifi alilitanguliza kopo la vile vyeupe mbele ya sahani.

"Anza na hivi. Chakula baadaye. Vinataka tumbo jepesi."

"Vinataka vyenyewe au unataka wewe?"

Fundi akaivuta sahani. Alikula taratibu, akachovya, akatafuna, akaifuta sahani kwa kipande cha mwisho, macho kamkazia mwenzake muda wote. Ndipo akavimeza vile vyeupe, vyote vya siku hiyo.

"Ungebakiza vya usiku," wifi akasema. "Vinaleta usingizi vile."

"Nilale nisiamke, siyo?"

"Basi viache kabisa. Vidole vimeshanywea, unameza za nini tena? Ningekuwa wewe, ningevitupa leo."

Fundi akalivuta kopo kwake. Akaapa moyoni kwamba hataruka hata siku moja.

Kulikuwa na kisa kingine. Jirani alileta dawa zake za maumivu, zile anazotafuna kama karanga, na wifi akazipokea kwa bashasha ambayo hakuwahi kumwonyesha binadamu. "Bugia hizi, wifi yangu. Mbilimbili. Hizi ndizo zenyewe." Wifi yangu, tena. Fundi alizimwaga chooni akavuta maji, akasimama pale kuhakikisha zimezama.

Vidole vikarudi kuwa vidole. Cherehani ikaanza kulia tena, na kila iliposhona, fundi alikuwa anapanga maneno. Siku ya kurudi kwa daktari alivaa gauni lake la harusi za watu na kumburuza wifi. Mshtakiwa haachwi nyumbani.

Daktari alimbonyeza vidole, akambonyeza tumbo. Linachoma? Halichomi. Choo kimekuwa cheusi? Hapana.

"Safi sana," daktari akasema. "Hivi vyeupe, hizi steroidi, hutoboa watu matumbo. Wewe umekuwa ukizimezaje?"

Swali lenyewe hilo. Fundi akajiweka sawa kitini.

"Uliza alivyotaka huyu nizimeze. Cha rangi mbili nisubiri nishibe, mimi nikakimeza na njaa. Vyeupe nianze navyo kabla ya mkate, nikala kwanza. Akataka nivilaze mpaka usiku, nikavimaliza asubuhi. Akanishawishi niache, sikuacha. Akanipa na dawa za maumivu za jirani, nikazimwaga. Daktari, niko hai kwa ubishi wangu. Huyu anataka nyumba."

Wifi alikuwa anatazama dirishani.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama," akamwambia wifi, na sauti haikuwa ile ya mwanzo, "nilikueleza hapa hapa. Cha rangi mbili, cha kulinda tumbo, ameze na njaa, angoje kidogo ndipo ale. Vyeupe akishakula, asubuhi. Asiache ghafla, na dawa za maumivu asiziguse. Ukayarudia neno kwa neno. Halafu ukaenda kumwambia kinyume?"

"Yote kinyume," wifi akajibu.

"Kwa nini?"

Wifi aligeuka akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyepindua sufuria ya mboga.

"Daktari, tangu niolewe kwa kaka yake, huyu hajawahi kunifuata hata neno moja. Sasa wewe na mdomo wako umeshamwambia. Kesho asubuhi nitamwamsha niseme nini?"